Simba wa Harrods na mtu wa Kampi ya Simba

Kila baada ya miezi michache video ile hunirudia kwenye simu. Safari hii imetumwa na shangazi kwenye kundi la WhatsApp la familia, na chini yake ameandika: "Hata mnyama ana shukrani kuliko binadamu." Binamu wawili wakaweka mioyo, mjomba akaweka mikono iliyofumbatana, na mazungumzo ya michango ya harusi yakasimama kwa nusu saa nzima.

Nadhani nawe umeiona. Simba dume kijana yuko juu ya kilima cha mawe. Anashuka polepole, anasimama, anawatazama vijana wawili wa Kizungu wenye nywele ndefu walio chini yake. Hatua chache, anasimama tena, kama mtu anayetafuta jina la mwenzake. Kisha linamjia. Anaharakisha, anakimbia, anainuka kwa miguu ya nyuma na kumtwika kijana mmoja miguu ya mbele mabegani, anamsugua shavu kwa kichwa, anamwacha, anamrukia wa pili. Vijana wanayumba kwa uzito huku wanacheka. Hapo ndipo watu hulia. Mimi sijidai, mara ya kwanza nililengwalengwa.

Ni Kora, kando ya Mto Tana, mwaka 1971. Simba anaitwa Christian, na licha ya mahali anapoonekana, hakuzaliwa Kenya. Alizaliwa Agosti 1969 katika bustani ndogo ya wanyama huko Ilfracombe, Uingereza, akauzwa dukani London, akalelewa chini ya duka la fanicha. Kati ya visa vyote vya watu waliofuga paka wakubwa nyumbani, hiki ndicho kilichoishia pazuri kuliko vyote ninavyovijua. Ndiyo sababu nimekichagua. Visa vilivyoharibika ni vingi na havifundishi mengi. Mnamo Oktoba 2011, huko Zanesville, Ohio, mtu aliyekuwa na wanyama zaidi ya 50 alifungua mabanda kisha akajiua, na polisi wakakesha wakiwaua wanyama kwa risasi, wakiwemo chui milia 18. Ukimsimulia hicho mpenda wanyama atakuambia yule alikuwa na matatizo yake, mimi siko hivyo. Sawa. Basi na tupige hesabu kwenye kisa cha watu wema, wenye akili timamu, waliobahatika.

Gini 250

Harrods lilikuwa duka la kujisifu kwamba lina kila kitu, kwa kila mtu, kila mahali. Ndiyo tafsiri ya maneno yake ya Kilatini. Kwenye idara ya wanyama ungeweza kuagiza karibu chochote. Liliwahi kuuza hata mtoto wa tembo. Mwishoni mwa 1969 vijana wawili Waaustralia, Anthony Bourke anayejulikana kwa jina la Ace, na John Rendall, waliingia kutembea tu wakakuta watoto wawili wa simba, dume na jike, ndani ya kitundu kidogo. Wakamtaka dume. Bei: gini 250, yaani pauni 262 na nusu.

Rendall alikuwa akisimulia kwamba duka halikusita sana kumwachia, kwa kuwa usiku mmoja watoto hao walikuwa wametoroka wakaingia sehemu ya mazulia na kuyararua yaliyotengenezwa kwa ngozi ya mbuzi. Ukikisikia kisa hicho unacheka. Kikumbuke lakini, maana ngozi itarudi.

Wakamweka chini ya duka la fanicha walilofanyia kazi na kuishi, kwenye barabara ya King's Road mtaani Chelsea. Duka lenyewe liliitwa Sophistocat, jina lililotoka mapema kana kwamba lilikuwa linamngoja mwenyewe. Na lazima niseme haki yao: walimlea vizuri. Alijifunza kujisaidia kwenye sanduku la mchanga. Alikula mara nne kwa siku, kwa gharama ya pauni 30 hivi kwa wiki, pesa ambayo wakati huo ilimtosha mfanyakazi wa kawaida kulisha nyumba yake. Mchungaji wa kanisa la Wamoravia aliyekuwa jirani aliwaruhusu wamkimbize kwenye uwanja wa makaburi wenye ukuta, na huko walicheza naye mpira kila siku. Alipanda gari la Bentley, akakaa kiti cha nyuma, akatazama London ikipita. Mchana alijilaza kwenye dirisha la duka na magari yakapunguza mwendo.

Mvuto wake hauhitaji maelezo marefu. Mtoto wa simba wa miezi mitatu ana nyayo kubwa kuliko mwili wake, macho ya duara, na anakufuata chumba hadi chumba. Lakini kuna jambo jingine ambalo wafugaji wengi hawalikiri na hawa wawili walilikaribia: simba hukuongeza kimo. Jana ulikuwa kijana muuza meza na viti, leo ni "wale wenye simba", waandishi wanapiga hodi, wateja wazuri wanaingia. Kufuga paka wa kawaida ni kumpenda paka. Kufuga simba mjini, kwa sehemu kubwa, ni kupenda jinsi watu wanavyokutazama ukiwa naye. Sisemi ni dhambi. Nasema ipo, na ndiyo inayomfanya mtu aahirishe swali la mwakani.

Siku moja Christian aliokota mkanda wa manyoya uliodondoka kwenye koti la mtu. Bourke na Rendall wakajaribu kumnyang'anya kama walivyozoea kumnyang'anya vitu vingine. Akalaza masikio, akaonyesha meno, akanguruma kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia. Walifanya la busara: walirudi nyuma na kujifanya hawana habari na mkanda wenyewe. Baadaye akawa yuleyule wa kila siku. Wazee husema mtoto wa simba ni simba, na kwa kawaida methali hiyo hutumika kumsifu kijana wa watu. Hapa ichukue neno kwa neno. Kilichonguruma si hasira, wala si malezi mabaya. Ni harufu ya ngozi na manyoya kugonga mahali ambapo mpira na sanduku la mchanga havifiki. Ni mazulia ya Harrods yaleyale, tofauti ni kwamba sasa meno yalikuwa yamekua.

Na mwili ulikua pia. Katika mwaka mmoja alivuka kilo 80, naye alikuwa bado mtoto. Simba dume aliyekomaa hupita kilo 150 bila shida na wengine hufika 200 na zaidi. Akitunzwa kwenye tundu anaweza kuishi hadi miaka 20. Vijana wale walikuwa na ghala la chini ya duka.

Meza iliyookoa simba

Hapa kisa kinaingiwa na bahati, na naomba tusiipite haraka, kwa sababu wanaoshiriki video huwa hawaioni kabisa.

Mwigizaji Bill Travers aliingia Sophistocat kutafuta meza ya kuandikia. Travers na mkewe, Virginia McKenna, ndio walioigiza kama George na Joy Adamson katika filamu ya 1966 kuhusu simba jike Elsa, aliyelelewa na Adamson hapa Kenya akarudishwa porini. Pengine katika London nzima hakukuwa na mteja mwingine ambaye, akionyeshwa simba chini ya duka, angejua hasa nani wa kumpigia simu. Travers akamwandikia George Adamson. Wakati mipango inapikwa, Christian alihamishiwa kwenye shamba lao nje ya London, akajengewa uzio. Serikali ya Kenya ikasita, ikazungumza, hatimaye ikakubali kwa sharti la eneo la mbali lisilo na watalii. Agosti 1970 akasafirishwa kwa ndege hadi Nairobi.

Ondoa meza ile kwenye hadithi, unabaki na nini? Unabaki na vijana wawili wenye simba wa mwaka mmoja, kodi ya duka, na bustani za wanyama ambazo tayari zina simba wa kutosha. Mwisho mwema wa Christian haukutokana na mpango wa waliomnunua. Walipolipa gini 250 hawakuwa na mpango wowote. Kisa kinachotumika kuwatia moyo wafugaji kinasimama juu ya mteja mmoja aliyetaka meza.

Kora

Adamson naye alikuwa na haja yake. Alikuwa na simba dume mkubwa aitwaye Boy, na alihitaji simba vijana wa kujenga kundi kumzunguka. Boy naye ana historia inayofanana: yeye na dada yake, Girl, walikuwa simba wa fahari wa kikosi cha jeshi la Waingereza kilichokuwa Kenya, wakatumiwa kwenye filamu ya Elsa, kisha wakaachiwa Meru. Girl aliuzoea msitu. Boy hakuwaacha watu. Mwaka 1969 alimjeruhi mtoto mdogo wa mkuu wa hifadhi ya Meru, na Adamson akatakiwa kuondoka na mradi wake. Ndipo Kora ikapatikana: nyika kavu yenye joto na vilima vya mawe, ambayo serikali iliona haina kazi nyingine kubwa. Terence, mdogo wake George, akachonga barabara, akasimamisha vibanda na kuzungushia uzio wa waya mrefu. Wakaiita Kampi ya Simba. Uzio ulikuwa wa kuwaweka watu ndani. Simba walizunguka nje.

Katika safari ya gari kutoka Nairobi, Christian aliona ng'ombe aliyepotea kichakani. Hakuwahi kumwona ng'ombe akiwa hai, achilia mbali kufundishwa kuwinda. Akainama, tumbo likagusa majani, akaanza kunyemelea kwa ufundi uleule wa simba aliyezaliwa Tsavo, hadi Adamson akaingilia kati. Mwaka mzima wa King's Road ulikuwa umeyeyuka kwa dakika moja. Ninapenda sehemu hii kuliko kukumbatiana kwenyewe. Inaonyesha kilichokuwa kikipotea kila siku aliyolala dirishani.

Boy alimpokea kwa vitisho na makofi, kama ilivyo desturi, naye akajifunza kulala chali na kunyenyekea. Wakazoeana, na mambo yakaonekana yanakwenda.

Juni 1971 mfanyakazi wa kambi aitwaye Stanley alikuwa nje ya uzio. Boy akamkamata. Adamson alisikia mayowe, akakimbia na bunduki, akamkuta Boy na Stanley mdomoni. Akampiga Boy risasi ya moyo, simba ambaye alikuwa amemuuguza na kumlea kwa miaka. Stanley alikufa kwa majeraha.

Mwaka huohuo wa 1971 Bourke na Rendall walifika kumtembelea Christian, kamera zikawashwa, na ile video ikapatikana. Ni kambi ileile. Ni uzio uleule.

Nimerudia kuitazama nikijua hilo, na inabadilika. Si kwamba furaha ya wale watatu ni ya uongo. Naiamini kabisa, simba na vijana. Lakini sasa najua fremu imeishia wapi.

Nani alichagua

Tuliangalie hili kwa utaratibu kidogo, maana watu wengi hulifunga kwa kusema Boy ndiye aliyeua na Christian hakumdhuru mtu. Ni kweli. Ila kinachomfanya simba wa kufugwa awe hatari ni kilekile kwa wote wawili.

Simba wa porini na mtu atembeaye kwa miguu hukaa mbali kwa sababu ya woga, hasa woga wa simba. Wafugaji wetu wameishi juu ya woga huo kwa karne nyingi. Mchungaji mwenye mkuki na sauti kali hupita mahali ambapo mtalii hathubutu kushuka garini. Simba aliyenyonyeshwa chupa na binadamu ameondolewa kitu hicho. Harufu ya mtu kwake ni chakula, mchezo, mwenzake. Siku akichokozwa, akishtuka, akiumwa au akiwa na njaa, hakuna kitu ndani yake kinachomwambia akae mbali. Kwa hiyo simba mpole aliyerudishwa porini ni hatari zaidi kwa mpita njia kuliko simba mkali wa porini. Mwaka 1975 Tony Fitzjohn, msaidizi wa Adamson aliyewajua simba wale kama watoto wake, alishambuliwa vibaya na mmoja wao na nusura afe. Aliyemsaidia ni simba mwingine, Freddie, aliyemlea mwenyewe. Terence naye baadaye aliraruliwa uso. Hao ndio walioijua kazi.

Sasa fuata mnyororo. Harrods liliuza, likapata pesa yake. Bourke na Rendall walinunua kwa kupenda. Travers alipata filamu ya Christian, na filamu hiyo ndiyo iliyogharamia safari. Adamson alipata mradi aliouishi hadi siku alipouawa na majambazi karibu na kambi, Agosti 1989, pamoja na wafanyakazi wake wawili. Kila mmoja alichagua, na kila mmoja alijua kiasi fulani cha anachokiingia. Mwishoni mwa mnyororo yupo mtu aliyechagua kazi ya mshahara. Nje zaidi ya uzio wapo wafugaji wa Orma na Wasomali wanaofuata maji ya Tana na mifugo yao. Hao hawakuchagua hata kazi.

Hilo ndilo ninalotaka kusema juu ya wajibu. Mtu anapojiuliza kama ataweza kumtunza mnyama mkali, hujiuliza kuhusu nyama, nafasi, daktari wa mifugo, na pengine vidole vyake mwenyewe. Maswali mazuri. Lakini mzigo wa simba haukai kwa mwenye simba. Unasogea. Ulitoka Chelsea ukahamia shambani kwa Travers, ukapanda ndege, ukatua mahali ambapo mtu wa Chelsea hatakutana na atakayeubeba.

Wapo watakaonipinga, nao wana hoja. Bila Adamson na simba wake, Kora isingetangazwa hifadhi ya wanyama mwaka 1973, na baadaye hifadhi ya taifa. Christian mwenyewe alipata maisha ambayo hakuna tundu lingempa: alipigana na madume wa porini, akakua, akaanza kupotea kwa siku, kisha kwa wiki. Mara ya mwisho alionekana akielekea kaskazini, ng'ambo ya Tana, mwanzoni mwa 1973. Adamson alihesabu siku kwenye daftari lake. Alipofika 97 akaacha kuhesabu. Hakuna aliyemwona tena, na kwa simba wa London hiyo ni heshima kubwa. Nayakubali yote haya. Lakini kuokoa si hoja ya kununua, na aliyeokolewa alikuwa ametiwa kwanza kwenye shida na watu walewale waliompenda.

Uingereza yenyewe ililielewa hilo. Mwaka 1976 ilipitisha sheria mbili, moja ya kubana biashara ya wanyama walio hatarini kutoweka, nyingine ya kumtaka anayefuga mnyama hatari apate kibali cha serikali ya mtaa. Marekani ilichukua hadi Desemba 2022 kupiga marufuku kwa sheria ya nchi nzima umiliki mpya wa paka wakubwa majumbani.

Duma wa siku hizi

Biashara haikufa, ilibadilisha mnyama na njia. Leo anayetakiwa zaidi ni duma, kwa kuwa ni mwembamba, hangurumi kama simba, na anapendeza kwenye kiti cha gari. Watoto huchukuliwa Ethiopia na nchi za Wasomali, wengi kwa mikono ya wafugaji waliochoshwa na kuliwa mbuzi, hupitishwa Somaliland, wakavushwa kwa mashua hadi Yemen na kuendelea Ghuba. Wengi hufa njiani kwa njaa na kukosa maji. Wanaofika hulishwa nyama tupu isiyo na mifupa, na mifupa yao wenyewe hulainika kwa kukosa madini ya chokaa. Falme za Kiarabu zilipitisha sheria mwaka 2016 ya kuwakataza watu binafsi kumiliki wanyama hatari. Picha za duma sebuleni bado zinazunguka mitandaoni, na chini yake maoni ni yaleyale ya shangazi yangu.

Duma wanaonaswa Somaliland hutunzwa kwenye kituo. Hawana Kora ya kwenda. Mtoto wa duma hukaa na mamaye karibu mwaka mmoja na nusu akijifunza kuwinda, na aliyenyang'anywa masomo hayo akiwa na wiki chache huishi ndani ya uzio maisha yake yote, kwa pesa ya watu wengine. Adamson alikuwa mmoja na hayupo.

Kwetu hapa majaribu huja kwa sura ndogo zaidi. Mtu analima pembeni mwa hifadhi, anamkuta mtoto wa chui au wa duma peke yake kwenye majani, analia. Huruma inamwambia ambebe. Mara nyingi mama yuko mawindoni na atarudi; ukishambeba, umeshamfanya yatima. Mwache, ondoka eneo hilo upesi kwa usalama wako, toa taarifa KWS, shirika la wanyamapori la serikali, ukiwa Kenya, au kwa maofisa wa wanyamapori ukiwa Tanzania. Kumweka nyumbani bila kibali ni kosa la jinai kote kuwili, hata nia yako iwe njema namna gani.

Usiku ule nilimwandikia shangazi yale machache kuhusu Stanley, si kumkata maneno, bali kwa kuwa aliuliza hapo palikuwa wapi. Alisoma, alama mbili za bluu zikatokea. Akakaa kimya hadi asubuhi. Kisha akajibu.

"Nimeiangalia tena mara tatu. Huyo mtu hayumo."

Nikamwambia ndiyo, shangazi, hayumo.